Kengele za Shina la Tano

12 Novemba

Mvua ya kwanza. Ofisi ya maafa ya wilaya imetupa anwani zetu leo: mia mbili hamsini na sita kwa mtaa mzima, hakuna ya ziada. Kila kengele ya mafuriko itakayofungwa ukutani kwa mtu, kila kipima maji mtoni, kila pampu, lazima kiwe na anwani yake ya IP ili wao kule mjini wakione na kukiamsha. Kisicho na anwani kwao hakipo, hata kikining'inia hapo ukutani mwaka mzima.

Kazi ya kuzigawa nimepewa mimi, kwa kuwa nafundisha mitandao ya kompyuta chuo cha ufundi, na kwa kuwa mwenyekiti wa mtaa ni baba mkwe wangu. Kwa sababu ya kwanza ningeweza kujitia nina kazi nyingi. Kwa ya pili, wapi!

13 Novemba

Nimehesabu. Tuna mashina manane. Shina la Tano, bondeni kando ya mto Wedi, lina nyumba arobaini na nne, vipima maji vitatu, pampu mbili na king'ora kimoja. Jumla hamsini. Shina la Saba, huku juu ninakoishi kwa wakwe, nyumba kumi na moja. La Nane nyumba tisa na msikiti. Mengine yote ni ishirini na kitu. Shina kubwa nimeligawia kipande kikubwa, madogo vipande vidogo, na hesabu imefunga mia mbili hamsini na sita kamili. Nilifurahi hadi nikajiongezea sukari kwenye chai.

17 Novemba

Pak Sugondo, kama mtaa unavyomwita baba mkwe kwa heshima, alisoma mpango wangu baada ya chakula cha jioni, miwani kwenye ncha ya pua.

"Shina la Tano umewapa sitini na nne."

"Ndiyo, Baba."

"Sisi kumi na sita."

"Sisi tuko nyumba kumi na moja, Baba. Zinatosha na zinabaki."

Akavua miwani. "Lupi, mwanangu. Wewe umezaliwa Shina la Tano. Mama yako yuko Shina la Tano."

"Nyumba ziko arobaini na nne, Baba, hata kama ningezaliwa mwezini."

Hakucheka. Akaniambia kwamba katika mtaa huu, kila dua ikiisha, kila mtu hubeba berkat yake, kifungu cha chakula cha baraka, kwenda nayo nyumbani, na kila kifungu ni sawa: wali uleule, paja lilelile la kuku, yai lilelile. Katika uenyekiti wake wote hajawahi kuona mtu akifungua kifungu chake huku anachungulia cha jirani. Kwa hiyo mashina ni manane, na vipande ni vinane, sawasawa, thelathini na mbili kila kimoja.

Nikamweleza. Katika kila kipande, anwani ya kwanza haitumiki, ni jina la kipande chenyewe. Ya mwisho nayo haitumiki, ni ya kuwaita wote kwa pamoja. Moja ni ya ruta, kile kisanduku kinachozigawa. Zinabaki ishirini na tisa. "Bondeni wako hamsini, Baba. Ishirini na moja watakosa."

"Watapokezana."

Kupokezana! Kengele ya mafuriko! Nilikwenda kuosha vyombo nikavunja bakuli, na sikuvunja kwa bahati mbaya.

18 Novemba

Ameshapeleka mpango wake wilayani, umepigwa muhuri wa mtaa.

24 Novemba

Mvua. Nguo hazikauki.

2 Desemba

Mafundi wa wilaya wamefunga kengele zote kwa mpango wa Baba. Nilishuka bondeni kutazama. Gepeng, balozi wa Shina la Tano, alikuwa juu ya nguzo, sarungi ameikunja hadi mapajani, anapiga kelele.

"Mwalimu! Yangu inawaka kijani! Ya Bibi Karsi ndiyo nyekundu!"

Bibi Karsi ni yule mzee asiyeweza kutembea, nyumba yake ndiyo ya mwisho kabla ya mto. Kabla sijamjibu, umeme ukakatika. Uliporejea, Gepeng akachungulia dirishani kwake kutoka kule juu.

"Loh! Ya Bibi sasa kijani, yangu nyekundu! Bibi kaniibia mchana kweupe!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Umeme ukikatika, ruta inasahau nani ni nani. Ukirudi, kengele zote zinakimbilia anwani kwa pamoja, na ishirini na tisa za mwanzo zinapata. Zilizochelewa zinabaki kuwaka nyekundu. Na umeme ukikatika tena, bahati inageuka tena. Kwa hiyo hakuna hata mtu mmoja bondeni anayeweza kusema kwa hakika kwamba kengele yake itamwamsha.

9 Desemba

Majaribio ya kengele. Baba alisimama barazani, mikono nyuma, kengele zikalia mtaa mzima.

"Umesikia?" akaniambia. "Zote."

Nikapanda pikipiki nikashuka bondeni. Nilipita nyumba kwa nyumba. Mama yangu, Bu Murtini, alikuwa anafunga tempe, zile soya za kuchachusha, kwenye majani ya mgomba, na ile taa ndogo juu ya kichwa chake nyekundu.

"Mama, imelia?"

"Imelia ya jirani. Nimesikia, sijawa kiziwi."

"Na mvua ikipiga hili paa utaisikia ya jirani?"

Akaitazama kengele yake. "Kwa hiyo hii ni pambo?"

"Kwa leo, pambo. Kesho huenda ikawa ya Gepeng."

Akafunga tempe nyingine, polepole. "Mkweo anajua?"

"Anajua."

"Hajui. Ameambiwa tu," akasema Mama.

14 Desemba

Leo Baba amekuja na suluhu, uso umemchangamka. "Chukua anwani ishirini na moja kutoka Shina la Sita, wape watu wako, yaishe."

Haikatwi hivyo! Nilikwenda jikoni nikaleta gogo zima la tempe ya Mama na kisu, nikaliweka mezani mbele yake. Nikakata katikati. Nusu nikaikata katikati. Nusu ya nusu, katikati tena.

"Kisu kinaingia katikati tu, Baba. Kila mara. Kipande cha sitini na nne kinaanzia sifuri, au sitini na nne, au mia na ishirini na nane, au mia na tisini na mbili. Hakianzii panapotupendeza."

"Na Shina la Tano linaanzia wapi?"

"Mia na ishirini na nane." Nilishindwa kujizuia kutabasamu. "Papo hapo panapotakiwa! Kipande chao na cha Sita vinaunganika vinakuwa kimoja. Sita wanahamia mahali pa Saba, hawapungukiwi hata na anwani moja. Kisha Saba na Nane wanagawana kile cha mwisho nusu kwa nusu."

Alikodolea macho vile vipande vya tempe muda mrefu. Nilimwona anaelewa. Wallahi nilimwona, maana si mjinga yule mzee.

"Kwa hiyo atakayekatwa ni Saba."

"Saba na Nane, Baba."

"Shina la mwenyekiti." Akasukuma kisu pembeni. "Watasema mkwe wangu kaniweka kiganjani."

Basi tangu mwanzo hesabu haikuwa tatizo! Nilikuwa namhurumia bure, nadhani sijamfafanulia vizuri. Tempe tukaikaanga, akala na pilipili, akasema ni nzuri, nimpe Mama salamu.

Sikumpelekea.

21 Desemba

Mkutano wa mtaa. Nilisimama nikasema niliyonayo. Bu Retno wa Shina la Saba, mwenye duka la vitambaa, akanidaka kabla sijakaa.

"Dada Lupi, si uwape na nyumba zetu kabisa? Tushuke sisi tukalale mtoni."

Kicheko ukumbi mzima. Damu ikanichemka.

"Bu Retno, wewe ndiye mpishi wa dua za mtaa huu. Nikuulize. Berkat unafunga kwa shina au kwa nyumba?"

"Kwa nyumba. Swali gani hilo?"

"Umewahi kupeleka vifungu ishirini na tisa kwa watu hamsini ukawaambia wanyang'anyane?"

Nikageuka kuwatazama wote, balozi mmoja mmoja. Wa Pili akatazama kofia yake. Wa Sita akakumbuka ana kikohozi. Hata Gepeng, mwenye kengele nyekundu mwenyewe, alikuwa anachora sakafuni kwa kidole cha mguu. Kwa nini? Kwa sababu Pak Sugondo ndiye aliyewaozesha nusu yao na kuwazikia wazazi wao.

"Hakuna aliyepinga," akasema Baba. "Tumekubaliana."

Ndivyo tulivyo. Kwetu hatupigi kura, tunanyamaza, kisha kimya kinaandikwa kuwa ndiyo.

3 Januari

Mvua mchana kutwa. Maji yamefika alama ya pili kwenye nguzo ya daraja. Baba kafunga kabati la mitambo ukumbini, ndimo ilimo ruta, kwa kufuli na ufunguo anao yeye. Neno la siri ninalo mimi. Tunakula meza moja na tunapitishiana chumvi.

8 Januari

Lazima niandike lote la leo, hata mkono ukiniuma.

Asubuhi nilisikia vikapu vinatua barazani. Nilidhani ni wauza mboga. Nikatoka, nikamwona mama yangu amevaa nguo yake ya Idi, na nyuma yake wanawake wa bondeni wamepanga foleni hadi barabarani. Kila mmoja kabeba kile kikapu cha mianzi tunachofungia berkat, juu kimefunikwa jani la mgomba. Ndani ya kila kikapu kuna kengele, nyaya zimeviringishwa vizuri. Nyumba ambazo taa ilikuwa nyekundu asubuhi ya leo, ndizo zilizokuja.

Baba akatoka na kikombe mkononi.

"Bu Murtini. Karibu. Kuna nini?"

"Hatukai, Pak." Mama akaweka kikapu chake miguuni pake. "Tumekuja kurudisha."

"Kurudisha nini?"

"Ulichotugawia. Kwetu hakiliki."

Sijui mtu wa pengine ataelewaje. Kwetu berkat hairudishwi. Umechukia, umeshiba, umegombana na mwenye dua, bado utaipokea kwa mikono miwili na kwenda nayo. Kuirudisha mlangoni kwa mtu ni kumwambia kwamba baraka zake huzitaki. Nilikuwa sijawahi kuona, na uso wa Baba ulinionyesha kwamba naye hajawahi.

Wakaja mmoja mmoja. Kila mmoja akainama kwa adabu, akaweka, akarudi nyuma. Hakuna aliyepaza sauti. Mwisho alikuja Gepeng, mwanaume pekee, kambeba Bibi Karsi mgongoni, na Bibi ndiye aliyeshika kikapu.

"Gondo," akamwita Baba kwa jina lake la utotoni, mbele za watu. "Mimi siwezi kukimbia hata nikisikia. Lakini nataka nisikie."

Walipoondoka, Baba akabaki amesimama na kikombe chake kati ya vikapu vile.

"Ni wewe uliyewafundisha," akaniambia.

"Sikuwafundisha, Baba. Natamani ningekuwa mimi."

11 Januari

Jumamosi. Nilimwambia Baba tangu jana: kesho saa nne asubuhi, mchana kweupe, nakwenda kukata upya, anayetaka kunizuia aje. Sikutaka kufanya kwa kuvizia. Nilipofika ukumbini, yuko mbele ya kabati, kakaa kwenye kiti, ufunguo umo mfukoni, kaweka mikono magotini. Nusu ya mtaa ilikuwa madirishani.

"Lupi."

"Naam, Baba."

"Mlango huu sifungui."

"Nimeelewa, Baba. Samahani, napita."

Nikazunguka. Mgongo wa kabati umeshikwa na skrubu tu, na bisibisi nilikuwa nayo. Nikaitia kwenye ya kwanza.

"Ukifungua hiyo," akasema bila kugeuka, "usirudi kulala nyumbani kwangu."

Niliogopa. Naandika hapa kwamba niliogopa, maana kesho nitajidai sikuogopa. Mume wangu yuko Batam kiwandani, nyumba ile ndiyo nyumba yangu tangu harusi, na mzee yule ndiye aliyenipeleka hospitali kwa pikipiki mimba ilipoharibika. Nikafungua skrubu zote.

Kukata kwenyewe hakukuchukua muda. Tano: mia na ishirini na nane mpaka mia na tisini na moja. Sita nikawasogeza. Saba na Nane, kumi na sita kwa kumi na sita. Kisha nikawapigia wilaya simu nikawasomea mpango mpya.

"Mwenyekiti ameridhia?" kijana wa kule akauliza.

"Amekaa hapa, anaona kila ninachofanya." Jambo ambalo lilikuwa kweli.

Akaandika. Kutoka dirishani Gepeng akapokea simu kutoka bondeni, akasikiliza, kisha akapiga ukelele: "Kijani! Kipima maji, kijani! Pampu, kijani!" Wanawake wakaenda barazani kwa Baba kuchukua vikapu vyao, nami nikaenda chumbani kuchukua nguo zangu nihamie kwa Mama.

12 Januari

Tegar, mume wangu, kapiga simu.

"Lupi, mwombe baba radhi, mke wangu. Neno moja tu."

"Kwa kosa lipi?"

"Si lazima pawe na kosa!"

"Basi aniombe yeye."

Halafu akauliza kama kwa Mama paa bado linavuja. Nikamwambia linavuja, na kwamba kengele imewaka kijani. Tegar si mbaya, ila kalelewa akitazama vidole vya miguu yake baba yake anapoongea.

20 Januari

Umeme umekatika mara tatu leo. Kila uliporudi nilizunguka bondeni na mwavuli. Zote kijani.

27 Januari

Bu Retno kanipita sokoni kama sipo. Nimenunua samaki wa kukaanga nikala peke yangu kwa raha.

6 Februari

Ilianza asubuhi, mvua ya milimani ambayo sisi hatukuiona. Hapa kulikuwa na manyunyu tu. Watu walikuwa wameanika nguo. Mama alikuwa anachemsha soya, mimi nasahihisha mitihani.

Ikalia. Ile iliyo juu ya kichwa cha Mama, kwa sauti ya kukera, ya kuudhi, ya kutia wazimu. Sijapata kupenda kelele namna ile. Kisha ya jirani, ya jirani yake, na bonde zima. Mama akazima jiko, akachukua sanduku la nyaraka na ile chachu yake ya tempe. Mimi nikakimbia kugonga milango, lakini milango ilikuwa imeshafunguka, watu wako njiani na magodoro vichwani. Gepeng alinipita na Bibi Karsi mgongoni, Bibi anampiga bega: "Kimbia we mvivu, yangu ilikuwa ya kwanza kulia!"

Tulikuwa tumefika msikitini wakati maji yanaingia. Yalikuja ya kahawia, na mlango wa mtu, na kuku. Nyumba ya Bibi Karsi ilikwenda yote. Ya Mama imebaki kuta tatu. Gepeng akatuhesabu akirudia mara mbili, kisha akakaa chini akalia. Tulikuwepo wote.

Baba alishuka kutoka juu na mwavuli. Alisimama mbali kidogo, akatutazama mmoja mmoja. Sijui alikuwa anahesabu nini. Akampa Mama mwavuli, akarudi na mvua.

19 Februari

Mkutano. Mgeni kutoka wilayani kaja kutupongeza. Kamshika Baba mkono, kamsifu kwa mpango mzuri wa anwani. Mimi nilikuwa napitisha chai.

"Ni uamuzi wa mtaa," akasema Baba, kainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Hapo ndipo mkwe mwema anapotakiwa kumimina kikombe kinachofuata. Nikaweka birika chini.

"Mtaa haukuamua kitu," nikasema. "Mtaa ulinyamaza. Nilikata mimi."

"Na sisi tulirudisha kengele," sauti ya Mama ikatoka nyuma. "Liandikwe na hilo."

Mgeni akatabasamu asijue atazame wapi. Bu Retno, ajabu ya Mungu, akainuka akaendelea kupitisha chai badala yangu, na kikombe cha kwanza akanipa mimi.

4 Machi

Ramadhani. Mvua inapungua. Tunajenga ukuta wa nne wa Mama baada ya futari.

22 Machi

Kila mtu ananiambia jambo moja: Idi inakuja, utapiga magoti, utaomba radhi, yataisha. Shangazi zake Tegar wamepiga simu kwa zamu. Gepeng naye! Nimemwambia ashuke kwenye ngazi yangu.

Idi Mosi

Tegar amerudi kutoka Batam. Tulikwenda pamoja.

Nyumba ilijaa ndugu. Baba alikaa kwenye kiti chake, na wana wakapiga magoti kwa kufuata umri, kila mmoja akiinamisha kipaji cha uso juu ya magoti ya Baba, akiomba msamaha wa mwaka mzima. Zamu yangu ilipofika, watu wakaacha kutafuna.

Nikapiga magoti. Nikainamisha kichwa. Sarungi yake ilinukia pasi ya makaa.

"Baba, naomba radhi kwa sauti niliyokupandishia. Naomba radhi kwa kukujibu mbele za watu, na kwa kuondoka bila kukuaga. Naomba radhi kwa bakuli, nililivunja makusudi. Kwa hesabu siombi radhi, Baba. Ningekata vilevile tena leo."

Shangazi mmoja akavuta astaghfirullah ndefu. Sikuinua kichwa, wala sikuongeza neno la kulainisha, ingawa lilinijia mdomoni.

Mkono wa Baba ukatua kichwani pangu. Ulikuwa mzito, nao ukakaa.

"Shina la Sita wamejenga nyumba tatu mpya," akasema. "Zitaenea?"

"Zitaenea, Baba."

"Uzipange wewe. Asiguse mtu mwingine."